Gitaa Lisilokosea

Sehemu ya sita

Msomaji mmoja ameniandikia: “Dada, kila wiki unalia. Siku utakayocheka utujulishe tununue nakala mbili.” Nilipoisoma nikacheka peke yangu. Haya basi, nimecheka. Tuendelee.

Kwa aliyeingia leo, mambo ni haya. Mume wangu alikuwa mpiga gitaa. Si wa kujifurahisha sebuleni, la, wa jukwaani, wa kuitwa Nyuzi na watu asiowajua. Asubuhi moja akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kushoto ukazimika kama taa. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu, unaburuta. Mkono haukurudi.

Mimi ni fundi wa magitaa ya gemu kwenye ukumbi wa michezo. Yale ya plastiki, yenye vitufe vitano vya rangi shingoni. Vidoti vya rangi vinashuka kwenye kioo, unabonyeza rangi inayofanana kwa mkono wa kushoto, unachapa kijiti kwa mkono wa kulia, mashine inakupa alama. Nilimletea moja nyumbani, na mashine kuukuu ya kulichezea, nikitumaini vile vitufe vitaviamsha vidole.

Wiki iliyopita niliishia pale alipopata asilimia kumi na nane kwa mara ya ishirini. Akalitupa gitaa ukutani, akajigeuza, akasema, “Chakula usilete tena.”

Siku mbili hakutia kitu kinywani. Siku ya tatu nikafanya nililolifanya.

Ndani ya kila mashine ya gemu kuna ukurasa ambao wachezaji hawauoni. Ni wa mafundi. Humo unaweza kuiambia mashine iwe kali au iwe na huruma. Ukichapa umechelewa, ihesabu umewahi. Ukibonyeza kijani badala ya nyekundu, ifumbe macho. Nyuzi akiwa amelala mchana, nikaufungua ukurasa ule, nikaipa mashine huruma yote iliyokuwamo.

“Jaribu mara moja tu,” nikamwambia alipoamka. “Kwa ajili yangu.”

“Kwa ajili yako nimejaribu mara ishirini.”

“Ya ishirini na moja haiui.”

Akacheza. Asilimia hamsini na mbili.

Akakitazama kioo. Akanitazama mimi. “Mashine imeharibika?”

“Mashine haina macho, Nyuzi. Haikujui wala haijui kumpendelea mtu.”

Sentensi hiyo niliitunga jikoni, nikikoroga chai. Niliisema bila kupepesa.

Siku ile alikula sahani mbili. Mtu aliyewahi kumwona mgonjwa wake akikataa chakula, halafu akamwona akiomba cha pili, asinihukumu haraka. Wengine wote nihukumuni.

Basi akakaa kwenye hamsini na mbili wiki mbili nzima. Ile furaha ikaanza kumtoka kidogokidogo kama upepo kwenye tairi. Jioni moja nikamwona tena ameuelekea ukuta.

Nikasema, haiwezekani.

“Nalipeleka gitaa kazini nikalisafishe,” nikamwambia. “Vumbi limeingia.”

Kazini nilikuwa na bodi ndogo niliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Nyuzi alipenda wimbo mmoja tu, hakutaka mwingine. Nikaifundisha ile bodi mpangilio wa wimbo ule mwanzo hadi mwisho, nikaitia tumboni mwa gitaa, nikalehemu waya sita, nikafunga skrubu. Tangu hapo, akichapa tu kwa mkono wa kulia, gitaa linajibonyezea lenyewe kitufe kinachotakiwa. Mkono wa kushoto unaweza kulala.

Nao ulilala. Kiharusi kilichukua nguvu na hisia pia. Alikuwa akiuona mkono wake juu ya vitufe, rangi zinawaka, mashine inasema SAFI, naye akaamini vidole vinafanya kazi. Angejuaje?

Asilimia tisini na moja.

Nyuzi alilia. Kisha akaomba wembe, akanyoa ndevu za miezi mitatu, akajikata mara mbili, akawa anacheka na damu kidevuni.

“Fundi wangu,” akasema, “hospitali wamenipa vidonge na maneno. Wewe ndiye daktari.”

Sikulala vizuri tena tangu siku hiyo, lakini nilikuwa na mume.

Asubuhi moja nikamuuliza, “Leo si siku ya Kunja-Kunjua?”

Kunja-Kunjua ndilo jina alilompa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Bwana mpole, mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili.

“Siendi.”

“Kwa nini?”

“Yule bwana ananipa mpira wa sponji niukamue. Dakika arobaini nakamua mpira, hata tone halitoki. Hapa nyumbani napiga tisini na moja. Ungekuwa mimi ungekwenda wapi?”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapo hapo, na chai bado ya moto.

“Mimi ningekwenda,” nikajibu kwa sauti ndogo.

“Kwa sababu wewe si mwanamuziki.”

Nikamwongezea chai, naye akaichukulia kama ruhusa. Hakwenda siku ile wala siku nyingine.

Wiki ya sita tangu aache kwenda, Kunja-Kunjua mwenyewe akaja ukumbini. Nilikuwa mezani kwangu, bisibisi mdomoni.

“Wewe ndiye mke wa Nyuzi?”

“Ndiye mimi, daktari.”

“Mgonjwa wangu amenihama?”

“Anafanya mazoezi nyumbani.” Nikamwonyesha gitaa lililokuwa mbele yangu. “Kwa lililo kama hili.”

Akalichukua, akaligeuzageuza, akabonyeza vitufe kimoja kimoja. “Si wazo baya hata kidogo. Anabonyeza kwa vidole vyake mwenyewe?”

“Anabonyeza.”

“Vyote vinne?”

“Vyote.”

Akanitazama kwa furaha ya mtu asiyemshuku mtu. Furaha ile ilinichoma kuliko tusi.

“Basi mlete nimpime, nami nijifunze kitu. Mama, nikwambie jambo. Samaki mkunje angali mbichi. Ule mkono bado mbichi. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuufundisha. Ukikauka, hata aje nani.”

“Nitamleta Jumatatu.”

Jumatatu ikapita. Ikapita nyingine. Nilipokutana naye njiani nilivuka barabara.

Ikaja siku Bosi alipowaita wafanyakazi wote, yaani mimi na mwanamama anayefagia na kukata tiketi.

“Kampuni ya mashine imefunga ukurasa,” akasema. “Hakuna magitaa tena. Hakuna ngoma wala vinanda. Wanasema watu wa leo hawataki kushika kitu. Magitaa yote yanakusanywa, yanarudi. Badala yake tunaletewa hii.”

Akafunua turubai. Palikuwa na nguzo nyeusi yenye jicho moja.

“Unasimama mbele yake, unapunga mikono hewani, muziki unatoka. Hakuna kitufe. Hakuna cha kuvunjika.”

“Na fundi wa magitaa?” nikauliza.

Akakuna kichwa. “Kwako tutaona.”

Mwanamama wa tiketi akanigusa bega. Sote wawili tuliijua maana ya “tutaona”.

“Ila tutayaaga kwa heshima,” Bosi akaendelea. “Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana, mashindano ya mwisho ya gitaa. Yeyote aje.”

Sikumwambia Nyuzi. Nilidhani nikikaa kimya jambo litapita pembeni ya nyumba yangu kama mvua ya jirani. Nilimsahau wifi yangu.

Wifi huyu ni mdogo wake Nyuzi, naye ndiye mwimbaji wa bendi ile ile aliyokuwa akipigia kaka yake. Tangu niolewe hajawahi kuniita kwa jina zuri. Mimi kwake ni Fundi Waya. Siku hiyo aliingia na tangazo la mashindano mkononi, amelibandua ukutani, gundi bado mbichi.

“Kaka! Umeliona hili?”

Nyuzi akalisoma. Akanigeukia. “Hapa si kwenu? Mbona hukuniambia?”

“Nilitaka… iwe ghafla.”

“Sikia kaka,” wifi akasema, akaketi. “Yule aliyeshika nafasi yako anatuhama. Nimemweleza kiongozi wa bendi habari za tisini na moja zako. Hakuamini. Anasema ukifanya hivyo mbele za watu, Jumatano uje mazoezini na gitaa lako la kweli.”

Nyuzi akalikunja tangazo, akalitia mfukoni. Kisha akageukia dirishani.

Wifi akanifuata jikoni. Nikajua amefuata ugomvi, nikashika mwiko vizuri. Akaniangukia begani akilia.

“Wifi, nimekudharau miaka yote hii. Nisamehe. Umemfufua kaka yangu.”

Nilisimama pale na mwiko mkononi, mtu ambaye sikuwahi kumpenda ananilowesha gauni kwa machozi ya shukrani. Niliona heri anizabe kofi. Mngoje, wasomaji, kofi lilikuja.

Nilijaribu kusema. Naapa nilijaribu mara mbili.

Alhamisi nikamwambia, “Nyuzi, kuna jambo.”

“Kama ni shati, nimeshachagua. Lile jekundu la jukwaani. Lipige pasi.”

Nikalipiga pasi.

Ijumaa nikamfuata Bosi. “Mume wangu amezoea gitaa la nyumbani. Aje nalo?”

“Haiwezekani. Kampuni imenitumia magitaa mawili mapya, yamefungwa kwa muhuri. Kila mchezaji atashika hayo. Nataka haki itendeke, watu wasije wakasema tumempendelea mume wa fundi.”

Jumamosi asubuhi nikaomba umeme ukatike. Umeme huu huu unaokatika bila kuombwa, siku ile uliwaka kama una deni la mwanga.

Saa nane ukumbi ulijaa. Walicheza kinyozi, muuguzi na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akifumba macho kabisa. Nyuzi alikuwa wa nne. Shati jekundu, viatu vimeng’aa. Alipanda akiburuta mguu, na watu wakamtambua. “Nyuzi! Nyuzi!”

Nikamwona Kunja-Kunjua ameketi mstari wa pili.

“Daktari, umekuja?”

“Nimealikwa na mgonjwa wangu,” akasema akitabasamu. “Kanipigia simu mwenyewe. Kasema nije nijifunze.”

Bosi akakata muhuri, akamvisha Nyuzi gitaa jipya. Nyuzi akaunyanyua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya vitufe kama anavyofanya nyumbani, akachagua wimbo wake ule ule. Wimbo ukaanza.

UMEKOSA. UMEKOSA. UMEKOSA.

Alichapa kwa mapigo sahihi kabisa. Hata asiyejua muziki angesikia. Mkono wa kulia ule ulikuwa wa bwana mkubwa. Lakini kioo kiliwaka rangi mara chache tu, kwa bahati.

UMEKOSA.

Asilimia sita.

Mtu mmoja nyuma akakohoa, kikohozi kile cha kumeza kicheko.

“Gitaa hili bovu,” Bosi akasema haraka, kwa utu wake. “Mpeni la pili.”

La pili likampa asilimia nne.

Nyuzi hakukasirika. Hilo ndilo linaloniua hadi leo. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu wale wote, akanipata.

“Mke wangu, wewe ndiye fundi. Njoo liangalie lina nini.”

Nikapanda. Nikapiga magoti mbele yake. Nikafungua skrubu nne za gitaa zima kabisa, jipya, lisilo na kosa, nikachungulia ndani, nikagusa waya huu na ule.

“Lina nini?” akaninong’oneza.

“Sijui.”

“Usijali. Vitu vipya ndivyo vilivyo, vinataka kuzoeana na mtu.” Akainua kichwa. “Jamani, niruhusuni nipigie langu la nyumbani. Mara moja tu.”

“Apige! Apige!” watu wakaitikia. Bosi akatazama huku na huku, akainua mikono. Ni siku ya kuaga, nani angekataa?

Wifi akadandia pikipiki kulifuata.

Nilipewa dakika ishirini, wasomaji. Nyuzi aliketi kando yangu, amenishika mkono kwa kiganja chake cha kulia, kina jasho. Eti ananituliza mimi.

“Usiogope. Likija langu wataona.”

Dakika ishirini za kusema neno moja. Nilihesabu vigae vya sakafu.

Gitaa likaja. Akalivaa. Wimbo ukaanza.

SAFI. SAFI. SAFI. SAFI.

Watu wakasimama. Kinyozi alipanda juu ya kiti. Rangi zikamiminika kwenye kioo, na Nyuzi akafumba macho akaegemeza kichwa nyuma kama zamani, kama siku nilipomwona mara ya kwanza nikaghairi kwenda nyumbani. Asilimia tisini na tatu! Wifi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi. Kwa muda wa wimbo mmoja nilisahau.

Kunja-Kunjua hakupiga makofi. Watu wote walikuwa wanatazama kioo. Yeye peke yake alikuwa anautazama mkono.

Akapanda jukwaani polepole.

“Hongera, Nyuzi. Niruhusu nilishike kidogo.”

“Shika, daktari! Ujifunze!” Ukumbi mzima ukacheka, naye Nyuzi akacheka.

Akalivaa. Akautia mkono wake wa kushoto mfukoni mwa suruali. Akamwambia Bosi, “Anzisha wimbo.”

Alichapa kama mtu anayepangusa meza. Hakujua mapigo, mara awahi, mara achelewe.

SAFI. SAFI. UMECHELEWA. SAFI.

Mwanzoni watu walicheka wakidhani ni kichekesho. Kicheko kikaanza kupungua mstari kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma, hadi tukabaki tunausikia wimbo tu. Asilimia sitini na nane, na mkono bado mfukoni.

“Rudia,” Nyuzi akasema.

“Ndugu yangu, samahani. Nimefanya hivi kwa sababu Jumatano utasimama na gitaa la kweli mbele ya—”

“Nimesema rudia.”

Akarudia. Sabini na moja.

Nyuzi akauliza bila kumtazama mtu, “Nani amelifungua hili gitaa?”

Mji wote una fundi mmoja wa vitu hivi. Vichwa vikanigeukia.

“Tangu lini?”

“Ulikuwa umekataa kula, Nyuzi, nikaona—”

“Sikukuuliza kwa nini. Tangu lini?”

“Mwezi wa tatu tangu uanguke.”

“Huu ni wa ngapi?”

“Wa nane.”

Akaunyanyua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akamkabidhi Kunja-Kunjua kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. “Pima.”

Yule bwana akajaribu kukunjua kidole cha kwanza. Hakikukunjuka. Cha pili. Cha tatu. Vilikuwa vimejifunga kiganjani kama makucha ya ndege aliyekufa. Nilikuwa nauosha mkono ule kila siku, nikikausha katikati ya vidole, nikijiambia ni baridi.

“Ningeupata mkono huu mwezi wa tatu…” akaanza.

“Malizia.”

“Ningekupa vidole viwili. Pengine vitatu.”

“Na sasa?”

Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo kofi la wifi liliponifikia. Sikulikinga. Lilikuwa la haki na lilipigwa vizuri.

“Jamani, jamani!” Bosi akaingilia kati, mikono juu. Masikini, alitaka kuokoa shughuli yake. “Mnagombania nini? Fundi amewahi tu! Huu ndio mtindo unaokuja. Mashine mpya ndivyo inavyofanya!”

Akafunua turubai, akaiwasha ile nguzo, akasimama mbele yake akapunga mikono ovyo kama anayefukuza nyuki.

SAFI! SAFI! SAFI!

“Mnaona? Haimkosei mtu! Mtoto, mzee, asiyejua, wote mabingwa!”

Hazikupita dakika tano. Kinyozi akajaribu. Dereva wa lori akajaribu. Muuguzi naye. Ukumbi wote ukahamia upande ule, watu wanapunga mikono na kucheka, mashine inawasifu. Upande huu tukabaki wanne, na magitaa matatu sakafuni.

Nyuzi akateremka jukwaani. Nikamsogelea nimshike. Akasema, “Najua kutembea.” Hilo ndilo neno la mwisho alilonipa siku tatu.

Jumapili nikalifungua gitaa mbele yake, nikaitoa ile bodi.

“Nimeitoa. Tuanze upya. Sifuri ikiwa sifuri, iwe sifuri yetu.”

Alikuwa anaangalia dari.

Jumatatu lori lilikuja ukumbini kuchukua magitaa. Waliyarusha ndani kama kuni. Bosi akanipa barua, akanipa na mkono. Nikabeba pasi yangu ya kulehemu, nikarudi nyumbani. Kazi imekwisha, heshima imekwisha. Mume nilikuwa naye, ila alikuwa kama fenicha.

Jumanne mchana mlango ukagongwa. Wifi. Akasimama kizingitini, hakutaka kuketi.

“Sikuja kwako,” akasema.

“Najua. Yuko chumbani.”

Hakwenda chumbani. Akaanza kuchezea ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akikisokota kidoleni.

“Kiongozi wa bendi na wenzangu hawakufika ukumbini Jumamosi, akaniuliza usiku ule mbele yao wote. ‘Kapata ngapi?’ Wote wananitazama, wifi. Wote wanataka arudi.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema tisini na tatu.”

Nikaketi mimi.

“Wakashangilia,” akasema, na sasa alikuwa analia. “Wameshamwambia yule mwingine asirudi. Kesho saa nne wanamngoja. Nilisema nitawaambia ukweli kesho yake, halafu kesho yake tena. Nifanyeje? Wewe niambie, ulikuwa unafanyaje miezi yote hiyo?”

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli.

Kabla sijajibu, tukasikia mguu unaburutwa. Nyuzi akatokea, amekonda, shati jekundu la Jumamosi bado mwilini. Mkononi ameshika shingo ya gitaa lake la kweli, lile la umeme, ambalo tangu aanguke lilikaa chini ya kitanda. Alikuwa amesikia yote.

Akaliweka mezani mbele yangu. Akaichukua pasi yangu ya kulehemu, akaichomeka kwenye umeme.

“Ile bodi uliyoitoa iko wapi?”

“Nyuzi, hili si la gemu.”

“Najua ni gitaa gani. Bendi ina nyimbo kumi na mbili. Zote zimerekodiwa, na zote ni mimi niliyepiga. Zitie humu. Nichape kwa kulia, zitoke.”

“Kaka,” wifi akasema.

“Wewe nyamaza, tisini na tatu umeitangaza wewe.”

“Haiwezekani, mume wangu,” nikasema.

Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alinitazama machoni.

“Fundi. Umenidanganya miezi mitano. Usinidanganye na leo. Inawezekana au haiwezekani?”

Nililitazama gitaa. Kwa bahati mbaya, macho yangu ni ya fundi. Niliona pa kufungulia, pa kuiweka bodi, waya utakapopita. Niliona hata skrubu zitakazofunika.

“Inawezekana,” nikajibu.

Wifi akafunga mlango kwa ndani. Nyuzi akanisogezea pasi, na ncha yake ilikuwa imeshaanza kutoa moshi.